Tathmini ya huduma ya dharura kwa mimba inayotoka: vituo viwili, usiku mmoja

Ninayoandika hapa ni tathmini ya huduma moja tu, yaani ile anayopewa mwanamke mwenye mimba changa anapofikishwa hospitali usiku akivuja damu. Niliishuhudia katika vituo viwili vya kaunti moja ya Pwani ya Kenya, mgonjwa akiwa yule yule na usiku ule ule, nami ndiye niliyemshika mkono kutoka mlango wa kwanza hadi kitanda cha mwisho. Vituo hivyo sitavitaja kwa majina, kwa kuwa katika kile cha kwanza tabibu alinieleza kwa uaminifu mambo ambayo yangemponza, na sipendi uaminifu wake uwe ndio adhabu yake. Kosa nitakalolieleza haliko kwake peke yake wala katika jengo lile peke yake, na msomaji anaweza kulitafuta katika kituo kilicho karibu naye.

Mgonjwa alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, mwenye miaka 29. Mimba ilikuwa ya wiki 12, na nyumbani tulikuwa tumeingojea kwa miaka minne. Alikuwa ameshakwenda kliniki mara moja na kadi yake ilikuwa mkobani. Kaka yangu ni dereva wa trela, na usiku huo alikuwa Malaba katika foleni ya mpakani. Tumbo la chini lilianza kumkata saa tatu usiku, na ilipofika saa nne damu ilikuwa imelowesha leso mbili. Tuliita tuktuk, kwa sababu kila aliyewahi kungoja ambulensi mtaani kwetu anajua kwamba tuktuk hufika kwanza.

Kituo cha kwanza ni cha binafsi, na kwa mambo mengine ni kituo kizuri. Watoto wetu wote hutibiwa hapo. Ni kisafi, dawa hupatikana, umeme ukikatika jenereta huwaka mara moja, na sijawahi kungoja zaidi ya nusu saa kumwona tabibu. Kwa homa, kwa malaria, kwa mtoto anayeharisha, nisingesita kumwelekeza jirani yangu huko. Tulifika saa nne na dakika 20, na muuguzi akaleta kiti cha magurudumu kabla tuktuk haijazima injini.

Kisha yakaanza maswali. Nilitarajia wifi yangu aulizwe damu imeanza saa ngapi, inatoka kwa wingi gani, ana homa au hana, mimba ni ya wiki ngapi. Swali la kwanza lilikuwa: "Hii mimba imetoka yenyewe au mmeitoa?" Muuguzi aliliuliza, mhudumu wa mapokezi akalirudia alipokuwa akiandika jina, na tabibu wa zamu akaliuliza mara ya tatu kwa kulizunguka: umekunywa nini, nani amekupa, mumeo anajua kwamba umekuja hapa. Mwanamke ambaye kwa miaka minne alikuwa akiomba dua apate mtoto alijibu mara tatu kwamba hakunywa kitu, na kila alipojibu sauti yake ilizidi kufifia, mwisho nikawa namjibia mimi.

Walitaka mume aje atie sahihi. Niliwaeleza kwamba mume yuko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo, nikampigia simu nao wakazungumza naye, lakini wakasema maneno ya simu hayatoshi. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu hutoa idhini ya matibabu yake mwenyewe, na wifi yangu alikuwa na akili timamu na kalamu mkononi. Baada ya hapo tukaambiwa kwamba hakuna atakayemgusa mpaka picha ya ultrasaundi ionyeshe kuwa moyo wa mtoto haupigi, na kwamba mashine ipo ila anayeitumia huondoka saa kumi na mbili jioni. Shinikizo la damu lilipimwa mara moja tu, likawa 100 kwa 60, na mapigo ya moyo yalikuwa 112 kwa dakika. Hakutundikiwa maji ya mshipani, hakutolewa damu ya kupima kundi, hakupewa dawa ya maumivu. Tulikaa hapo saa moja na dakika 20, na risiti niliyopewa ilikuwa ya shilingi 2,500 za kuonwa na daktari.

Nilipoanza kupaza sauti, tabibu aliniita kwenye ukumbi. Nanukuu maneno yake kadiri ninavyoyakumbuka, kwa sababu bila hayo tathmini hii ingemwonea. "Mama, ninajua kinachotakiwa kufanywa, na ningeweza kukifanya kwa robo saa. Pampu imo kabatini. Lakini mwaka juzi polisi waliingia hapa wakachukua daftari la wagonjwa, na mwenzangu akalala rumande siku mbili kwa ajili ya mgonjwa kama huyu wenu. Tangu siku ile mwenye hospitali ametuamuru mwanamke anayevuja damu apelekwe hospitali ya serikali." Nilikuwa na hasira nyingi, lakini niliona kuwa mtu huyu naye anaogopa, na kwamba anaogopa kitu kilichopo.

Hapa inafaa nieleze pampu hiyo ni nini, maana mambo mengi yameshikana nayo. Mimba inapotoka nusu, mabaki yakikwama katika mlango wa kizazi, kizazi hakiwezi kujikaza na damu haikatiki. Tiba yake ni kusafisha kizazi, ama kwa pampu ndogo ya plastiki inayovutwa kwa mkono, ama kwa vidonge vya misoprostoli, kutegemea hali ya mgonjwa. Ni tiba ya miaka mingi, haihitaji chumba kikubwa cha upasuaji, na matabibu na wauguzi waliofunzwa huifanya vizuri. Shida ni kwamba pampu hiyo hiyo na vidonge hivyo hivyo ndivyo vinavyotumika kutoa mimba. Anayevuja damu kwa sababu mimba imetoka yenyewe na anayevuja damu kwa sababu alimeza vidonge mara nyingi hawawezi kutofautishwa hata na daktari bingwa, na wote wawili wanahitaji tiba moja. Basi sheria inapowekwa ili imkamate mmoja, mkono wa mhudumu husita kwa wote wawili.

Nimesoma sheria yenyewe baada ya usiku ule, kwa subira, kama mtu anayesoma mkataba uliomdhulumu. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au kama umeruhusiwa na sheria nyingine. Kifungu cha 43(2) kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, nacho hakiulizi dharura ilitokana na nini. Kwa hiyo tabibu yule, hata kama moyo wa mtoto ungekuwa bado unapiga, alikuwa na ruhusa ya Katiba kumwokoa mama. Lakini katika rafu ile ile ya sheria ipo Kanuni ya Adhabu, iliyoandikwa enzi za ukoloni, ambayo katika vifungu vya 158 hadi 160 inaweka kifungo cha miaka 14 kwa anayetoa mimba ya mtu, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na miaka 3 kwa anayetoa vifaa au dawa. Askari wa kituo cha mtaani huijua Kanuni ya Adhabu kuliko anavyokijua kifungu cha 26, na tabibu anamjua askari huyo.

Wala hofu hiyo si ya hadithi. Muuguzi Jackson Tali alihukumiwa kifo mwaka 2014 kwa kifo cha mwanamke aliyefariki ndani ya gari lake mwaka 2009, naye akashikilia kwamba alimkuta akivuja damu na alikuwa akimkimbiza hospitali. Mahakama ya Rufaa ilimwachilia mwaka 2017, baada ya miaka mingi gerezani. Kila muuguzi niliyezungumza naye tangu usiku wetu ule anaijua kesi hiyo, hata kama hakumbuki mwaka. Huwezi kumwambia mtu mwenye watoto wa kusomesha kwamba asiijali.

Wizara ya Afya nayo ina sehemu yake. Mwaka 2012 ilitoa mwongozo ulioeleza ni lini mhudumu anaweza kuchukua hatua na kwa njia gani, kisha Desemba 2013 ikauondoa, na miezi michache baadaye ikakataza wahudumu kufundishwa utoaji mimba salama na matumizi ya vidonge vyake. Mwaka 2014 binti aliyetajwa mahakamani kwa herufi JMM, aliyebakwa akashika mimba na kutolewa mimba hiyo kwa njia ya hatari, alihamishwa kutoka kituo hadi kituo kabla ya kupata tiba iliyomfaa. Figo zake ziliharibika, akafariki mwaka 2018. Tarehe 12 Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu waliamua kwamba kuuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, na mama yake akapewa fidia ya shilingi milioni 3. Huku kwetu Pwani, Machi 2022, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi alitoa uamuzi kuhusu msichana wa Kilifi na tabibu aliyemtibu, ambao polisi waliwakamata mwaka 2019 baada ya kuingia katika kliniki na kuchukua rekodi zake, akasema kwamba kukamatwa na kushtakiwa kwao hakukuwa halali. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa. Nilimuuliza tabibu wa kituo cha kwanza kama aliwahi kuusikia. Alisema aliusikia redioni, lakini hakuna karatasi yoyote iliyoletwa kituoni kumweleza afanye nini.

Turudi kwa mgonjwa. Tuliondoka saa sita kasoro dakika 20, kwa tuktuk ile ile, kwa sababu kituo hakikutupa gari, barua ya rufaa, wala simu ya kuwaarifu wenzao kwamba tunakuja. Njiani wifi yangu aliacha kunijibu maneno marefu na mikono yake ikawa baridi. Tulifika hospitali ya umma saa sita na nusu.

Hospitali hiyo kwa macho haivutii. Taa ya mlangoni ilikuwa imekufa, benchi lilijaa watu, na kwenye sakafu palikuwa na ndoo mbili za kukinga maji ya dari. Mkunga wa zamu, mama wa makamo, alimtazama wifi yangu uso mara moja akasema: "Mlazeni. Miguu juu." Shinikizo lilikuwa 80 kwa 50 na moyo ulipiga mara 130. Katika dakika nane, ambazo nilizihesabu kwa saa ya ukutani, alikuwa na mirija miwili ya maji mikononi, damu yake imeshatolewa kwenda maabara, na daktari ameshaitwa. Maswali yalikuja wakati mikono inafanya kazi: damu imeanza saa ngapi, umelowesha vitambaa vingapi, una homa, una mzio wa dawa yoyote. Daktari alikuwa kijana, bado mwanagenzi, lakini alieleza kila hatua kabla ya kuifanya. Alipima, akasema mlango wa kizazi umefunguka na mabaki yamekwama, akachoma ganzi, na kwa pampu ya mkono akasafisha kizazi katika chumba cha pembeni kwa muda wa robo saa. Damu ilikatika. Kabla ya alfajiri aliongezewa pakiti moja ya damu, ambayo ilikuwa ya mwisho ya kundi lake katika akiba, nami nikaambiwa nitafute ndugu wawili waje kuchangia.

Swali lile lililoulizwa mara tatu katika kituo cha kwanza liliulizwa hapa mara moja, saa kumi na moja alfajiri, mgonjwa akiwa ameshapata nguvu. Mkunga alivuta pazia, akaniomba nitoke, akamwambia wifi yangu kwamba jibu lolote atakalotoa litamsaidia daktari kujua kama kuna jeraha au uambukizo wa kutafutwa, na kwamba halitatoka nje ya pazia hilo. Wifi yangu alinisimulia mwenyewe baadaye. Alisema hapo ndipo alipolia kilio cha kumlilia mtoto wake, maana hadi saa ile alikuwa akilia kwa kushukiwa.

Kwangu, tofauti kubwa ya vituo hivi viwili ni mpangilio huo wa maswali. Utafiti uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na APHRC, taasisi ya utafiti wa idadi ya watu na afya, ulikadiria kwamba mwaka 2012 karibu wanawake 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya nchini kwa madhara ya mimba zilizotolewa kwa njia zisizo salama. Hawa nao ni binadamu wanaovuja damu, na ninataka nao wapate dakika nane zile. Usiku ule sikuwa na nafasi ya kuwaza hivyo. Nilikuwa nikipaza sauti kwamba wifi yangu ni mke wa mtu na hakutoa mimba, kana kwamba angekuwa ameitoa ingekuwa haki aachwe kitini. Nimejutia maneno hayo, na ndiyo sababu mojawapo ya kuandika.

Hospitali ya umma ina upungufu nisioweza kuuficha. Baada ya kusafishwa, wifi yangu alipelekwa wodi ya wazazi, kitanda kimoja na mwanamke mwingine, pembeni mwa mama aliyejifungua jioni ile. Usiku kucha alisikia mtoto mchanga akilia. Najua vitanda ni vichache, lakini pazia na kona ya ukumbi vingepatikana. Dawa ya maumivu baada ya ganzi kuisha ilikuwa parasetamo peke yake, na haikutosha. Hakuna aliyemweleza baada ya muda gani anaweza kushika mimba tena, wala dalili zipi zikitokea arudi haraka. Mambo hayo niliyauliza mimi kwa nguvu, na majibu nikayapata nimesimama mlangoni.

Upungufu mwingine ni wa karatasi, na unaonekana mdogo mpaka umfike mtu wako. Kwa Kiswahili tunatofautisha vizuri: mimba imetoka, au mimba imetolewa. Madaktari wana neno moja la Kiingereza, "abortion", kwa yote mawili, nalo ndilo lililoandikwa kwa kalamu nyeusi kwenye fomu ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wifi yangu alilisoma katika tuktuk, akaikunja fomu mara nne na kuificha ndani ya kanzu ili mama yangu asiione. Siku tatu baadaye alipopata homa kidogo hakutaka kuirudisha fomu hiyo hospitali. Nchi ambayo neno hilo linaweza kumpeleka mtu kituo cha polisi haina budi kuwa na fomu inayosema kwa maneno kamili kilichotokea.

Kwa upande wa gharama, hospitali ya umma ilitutoza shilingi 1,150 pamoja na dawa mbili tulizonunua nje kwa sababu hazikuwepo. Usajili wa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, waliuulizia asubuhi, baada ya matibabu, na hilo ni jambo la kupongezwa.

Nikitoa alama kwa huduma hii peke yake, kituo cha kwanza nakipa 1 kati ya 5, na hiyo moja ni ya muuguzi aliyeleta kiti na ya tabibu aliyesema kweli. Hospitali ya umma naipa 4. Kwa anayeweza kufikwa na dharura kama hii, nashauri apite moja kwa moja kwenye hospitali ya umma yenye wodi ya uzazi inayofanya kazi usiku, abebe kadi ya kliniki, na akikalishwa penye maswali adai kwanza shinikizo lipimwe na maji yatundikwe. Akikataliwa, aombe barua ya rufaa yenye jina la aliyekataa na saa. Niliambiwa na mkunga yule kwamba mara nyingi, barua hiyo ikiombwa, dripu hupatikana.

Wiki tatu baadaye nilirudi kituo cha kwanza na nakala ya vifungu viwili vya Katiba na muhtasari wa uamuzi wa 2019. Tabibu alikuwa zamu. Kabla sijatoa karatasi aliniuliza: "Alifika?" Hakuwa amepata habari yoyote tangu tulipoondoka. Nilimwambia yuko nyumbani na anaanza kula. Aliketi, akazisoma karatasi zote mbele yangu, akampelekea mwenye hospitali. Tangu wakati huo wamekubali mambo mawili: mwanamke anayevuja damu atundikiwe maji na kupimwa kundi la damu kabla ya kuhamishwa, na apelekwe kwa gari la kituo pamoja na muuguzi. Jirani yetu mmoja amekwishapitia huko baada ya mabadiliko hayo, na amethibitisha kwamba yanafuatwa. Nimepandisha alama yao hadi 2. Kuhusu kusafisha kizazi, jibu la mwenye hospitali ni kwamba anangoja mwanasheria wake. Pampu bado imo kabatini, na ufunguo anakaa nao yeye.